Kasiksi haingoji deni

Wale wanaonifahamu kwa mikutano ya sendika watashangaa kuona leo ninaandika juu ya pombe. Miaka mingi mimi njo nilikuwa nasimama mbele ya wachimbaji na kuwaambia: ndugu yangu, punguza kopo, peleka makuta nyumbani, watoto wanafukuzwa masomo juu ya minervali. Hata leo nasema hivyo. Lakini kuna hesabu moja niliikosea, na ni mama mmoja mpika kasiksi ndiye aliyenirudisha shuleni.

Ilikuwa kwenye chimbo moja la dhahabu ndani ya teritwari ya Bafwasende, mbali na barabara kubwa ya Ituri, fasi ambako pikipiki inafika wakati wa jua tu. Tulikutana chini ya bashi kuzungumza juu ya deni. PDG wa mashimo, ndivyo wanavyoitwa wenye mashimo, walikuwa wanakawia kugawa mazao, na wachimbaji walikuwa wanaishi kwa mkopo wa unga, wa sigara, wa dawa, wa kila kitu. Katikati ya maneno mama akaingia na kaye mkononi. Hakuomba ruhusa ya kusema.

"Papa Prezida," akaniambia, "munasema juu ya deni ya wachimbaji. Na deni yangu miye, nani ataisema?"

Kijana mmoja akajibu kwamba ule haukuwa mkutano wa wauza pombe. Watu wakacheka. Na mimi nilicheka.

Nilipaswa kuwa mtu wa mwisho kucheka. Mimi ni mtoto wa Bushi, upande wa Walungu, kule Kivu ya Kusini. Mama yangu alikuwa mpika kasiksi. Miaka yangu sita ya sekondari ililipwa na ndizi, chupa kwa chupa, na diploma yangu ya Leta ingekuwa na mdomo ingenuka kasiksi. Mangaribi nilikwenda kwa yule mama kuomba msamaha. Alinipa kiti, akanipa kopo, kiisha akafungua kaye.

Kwanza nieleze kidogo kwa watu wa hapa mjini. Kisangani pombe ya kienyeji inatoka kwenye mti, haitoki kwenye ndizi. Asubuhi wenye vinga wanaingia kutoka njia ya Buta na njia ya Ituri, wengine wanavuka kutoka Lubunga, bidoni za njano zimefungwa nyuma: ni masanga ya mbila, ao libondo. Kisha kuna lotoko, ya mahindi na muhogo, inayopita kwa moto na kwa bomba, ambayo kila mtu anaijua hata mwenye kusema haijui. Kasiksi ni mgeni. Tuliileta sisi watu wa Kivu tulipofuata almasi na dhahabu. Ni bia ya ndizi mbivu na mtama, rangi ya udongo, chachu. Majirani zetu wote wanayo kwa jina lao. Rwanda wanaiita urwagwa, Burundi urwarwa, Uganda tonto, na Tanzania, upande wa Kagera, ni rubisi. Wachaga wa Kilimanjaro wana mbege yao: wanachemsha ndizi kabisa, wanatia kimea cha ulezi, na uchungu wanautafuta kwenye ganda la mti wanaouita msesewe. Kila mlima na mkono wake.

Sasa angalieni namna kazi inavyokwenda, maana bila kujua kazi hamtaelewa deni.

Siku ya kwanza ni ya ndizi mbichi. Haifai kila ndizi. Makemba ya Tshopo ni mazuri sana kwa chakula, nani atabisha, lakini ukiyaivisha na kuyakamua kwa majani yanageuka uji mzito tu, maji hayatoki. Inatakiwa ndizi ya pombe: kayinja, ao ile fupi yenye ganda jembamba inayoitwa Yangambi Km 5, nitarudi kwayo. Wanachimba shimo, wanawasha moto ndani mpaka udongo unashika joto, wanatoa makaa, wanatandika majani ya mgomba, wanapanga ndizi, wanafunika tena kwa majani na udongo. Zinakaa siku tatu ao ine, na kule kwetu milimani kwenye baridi hata sita. Mama yangu hakuwa na kalenda. Alikuwa anapiga magoti na kunusa udongo, kisha anasema kesho, ao anasema bado.

Ndizi ikitoka shimoni inatakiwa iwe ya njano lakini ngumu bado kidogo. Ikilainika kupita kiasi, umepoteza mutobe wako. Wanamenya, wanatia yote ndani ya muvure, ule mti uliochongwa kama mtumbwi mdogo. Kwenye machimbo muvure hakuna, wanatumia beseni kubwa ao bashi safi ndani ya shimo, kila mtu anajipanga. Wanachanganya ndizi na yale majani marefu yenye makali yanayoota kwenye shamba lililochoka, wanakamua kwa mikono ao wanakanyaga kwa miguu. Majani yanashika nyama ya ndizi, maji yanashuka peke yake. Hayo maji ni mutobe, tamu kama asali, na watoto wanakuwa wamepanga mustari na vikopo vyao mbele hata kazi haijaisha. Nakumbuka nilichapwa juu ya kopo la pili.

Kisha wanaongeza maji kidogo, kisha mtama. Mtama umekaangwa na kusagwa, unatia rangi na uchungu, na hasa unaleta hamira, sababu hamira ya porini inaishi kwenye maganda yake. Hakuna mtu anayenunua hamira dukani kwa kazi hii. Wanafunika na majani ya mgomba, wanaweka karibu na jiko. Usiku unaisikia inachemka bila moto.

Kesho yake bado ina utamu na nguvu yake ni ndogo. Siku ya pili imekomaa: chachu, inachoma ulimi kidogo, inashibisha. Siku ya tatu ni ya wazee wanaopenda ukali. Siku ya ine ni siki, hata mbuzi hataki.

Sababu yake si uchawi wala uchafu. Ndani ya ile bidoni kuna wafanyakazi wa namna tatu. Hamira inakula sukari na kutoa pombe na mapovu. Bakteria, ndugu za wale wanaogandisha maziwa, wanakula sukari pia lakini wanatoa uchachu. Na wa tatu wanangoja hewa: wakiipata, wanaanza kula pombe yenyewe na kuigeuza siki. Hakuna kiwanda, hakuna frigo, hakuna chupa ya kufunga kizibo kwa mashini, kwa hiyo hakuna wa kuwaambia wale wa tatu wasimame. Tangu saa mama anapotia mtama, saa inatembea.

Sasa rudini nami kwenye kaye.

Bidoni ya lita 20 inatoa chupa 27 hivi, kwa kipimo cha chupa ya Primus, ile ya santilita 72, ambayo kila muuzaji anaitumia hata kama Primus yenyewe haijafika chimboni tangu mwezi. Alinifanyia hesabu kwa kijiti chini. Chupa 15 zinarudisha bei ya ndizi, ya mtama, ya kuni na ya kijana aliyebeba mzigo kutoka barabarani. Zile 12 zinazobaki njo mushahara wake. Wachimbaji 12 wakinywa kwa deni, chupa moja moja tu, hakuna hata mmoja mlevi, mama amefanya kazi juma nzima bure. Wakiwa 15, hana tena makuta ya kununua ndizi za juma lijalo. Na ndani ya kaye majina ya deni yalipita nusu.

"Si wanakataa kulipa," akaniambia. "Ni watoto wazuri. Wanangoja PDG. Na PDG anangoja muuzaji wa mjini. Mimi njo siwezi kungoja, juu kasiksi haingoji."

Muuza sabuni akikosa mteja leo atauza kesho. Muuza samaki wa chumvi vilevile. Huyu mama anauza kitu kinachokufa siku ya ine, kwa watu wanaolipwa siku ya thelathini, ao ya sitini. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu miaka mingi nikisema deni ni ugonjwa wa mchimbaji, na sikuwahi kuuliza mzigo wa lile deni unaangukia nani.

Halafu alinipeleka nyuma ya nyumba. Pale kulikuwa na pipa jeusi kwa moshi, na bomba lake. Mama alikuwa ameanza kupika lotoko.

Sikusema kitu. Yeye njo alisema: "Papa Prezida, lotoko haina haraka. Hata mwezi, hata miezi miwili, inabakia ndani ya chupa, inakungojea mpaka utalipwa."

Wasomaji, pale njo nilielewa kosa langu. Mimi nilifikiri wachimbaji wanaacha kasiksi na kwenda kwa lotoko sababu wanatafuta ukali, sababu ya ujana, sababu ya kukata tamaa. Ni kweli kwa wengine. Lakini angalia kwa upande wa mpikaji: mshahara unaochelewa unaua pombe nyepesi na kulisha pombe kali. Kasiksi nguvu yake iko karibu na bia ya chupa, mara nyingi chini yake, kufuatana na maji aliyotia. Ina chakula ndani, mtu anaweza kunywa kopo mbili akarudi shimoni jioni kutoa maji. Lotoko ni kali mara nyingi zaidi. Na mwenye kushuka mita kumi na tano kwa kamba akiwa na lotoko kichwani, sisi wa sendika tunajua ginsi anavyopandishwa. Nimewapandisha.

Kwenye lotoko kuna jambo lingine. Mpikaji mzuri anamwaga yale matone ya kwanza yanayotoka kwenye bomba, sababu ndiyo yanabeba sumu nyingi. Mpikaji mwenye deni hamwagi kitu. Na wale wanaoongeza alkoli ya kiwandani ili kuzidisha, hao ni wauaji. Majirani zetu Waganda walizika watu wengi upande wa Kabale mwaka 2010 juu ya waragi iliyotiwa metanoli. Na hizo chupa ndogo za plastiki zinazojaa kila kioski, zenye majina mazuri na harufu ya rangi ya nyumba, nazo hazina haraka. Zinaingia machimboni ndani ya karatoni, zinakaa mwaka. Kasiksi inapigana na hizo, na silaha yake ni siku tatu.

Sitaki mtu aseme naipamba kasiksi sababu ilinisomesha. Ina kasoro yake, na kasoro kubwa ni maji. Uchachu wake unapunguza vijidudu, lakini usiuamini kama dawa. Mpikaji akiongeza maji ya kijito bila kuyachemsha, kijito kile kile wanachooshea mchanga na wengine wanajisaidia juu yake, kipindupindu hakitauliza kama kopo lako lilikuwa chachu. Tumeona ugonjwa huo ukipita kwenye vijiji vya kando ya mto. Mama yangu alichemsha maji usiku na kuyaacha yapoe ndani ya mtungi, na alifanya hivyo sababu nyanya alifanya hivyo, si sababu ya mafunzo ya mtu. Jambo la pili ni bidoni. Bidoni iliyobeba mazuti, ama ile waliyotunzia vitu vya kukamatia dhahabu, haioshwi ikawa safi. Zebaki haionekani na hainuki. Mnunuzi anapaswa kuuliza: maji yalichemshwa? bidoni ilikuwa ya nini? Mpikaji wa kweli hakasiriki kwa maswali hayo. Akikasirika, nenda ununue ndizi ule.

Watu wengi wa mjini wanaidharau kasiksi. Wanasema ni pombe ya wapagazi. Dharau hii haikuanza jana. Mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa 1919, waliotia sahihi mataifa yenye makoloni, ulikataza pombe kali ya biashara na hata kuipika kwa sehemu kubwa ya Afrika. Walisema ni kwa ajili ya afya yetu. Kisha mwaka 1923 Bralima ikazaliwa Léopoldville, na bia ya chupa ikawa alama ya mtu aliyeendelea. Hata Lumumba, aliyekuwa karani wa posta hapa hapa Stanleyville, alipotoka gerezani alikwenda Léopoldville kuuza bia, Polar, na aliiuza vizuri. Simlaumu. Mtu anakula kwa kazi anayopata. Lakini toka wakati ule bia yenye kizibo ni ya bwana na bia ya muvure ni ya mshamba.

Basi wenye kudharau nawaomba wafike Ubeleji, kwa mabwana wenyewe. Karibu na Brussels wana bia yao ya zamani, lambic. Hawaitii hamira ya dukani: wanaiacha wazi usiku, hewa ya bonde inaleta hamira na bakteria wa porini, kisha inakaa ndani ya mapipa ya mbao mwaka, miaka miwili, hata mitatu. Wanapotia ndani yake matunda madogo mekundu yenye uchachu, wanaiita kriek. Ni chachu kweli kweli. Watalii wanapanga mustari kwenye nyumba ya Cantillon, iliyoanza mwaka 1900, kuona utando wa buibui juu ya mapipa, na hakuna anayesema ni uchafu. Umoja wa Ulaya unalinda jina la hiyo bia kwa sheria. Matunda, hamira ya porini, bakteria, uchachu: ni kazi ile ile ya mama yangu. Tofauti ni kwamba wao walipata pipa, chupa nene na wakati. Bia yao inaweza kungoja.

Na sisi tunaweza kupata wakati? Arusha, Tanzania, kuna Banana Investments, iliyoanza 1993 kwa ndizi za wakulima wa pale, na leo inauza divai ya ndizi ndani ya chupa, ile ya Raha inajulikana sana. Wanachuja, wanachemsha, wanafunga. Ikifungwa hivyo, haiharibiki siku ya ine. Lakini inahitaji umeme, mashini, chupa, barabara. Kwenye chimbo langu la Bafwasende hata taa hakuna. Mama hawezi kungoja mpaka Leta ilete umeme. Linaloweza kubadilika juma hili ni siku ya kulipa.

Hapa sheria ingepaswa kutusaidia, na haitusaidii sana. Kodi ya madini ya 2002, iliyorekebishwa Machi 2018, inamtambua mchimbaji mdogo: anatakiwa awe na karti, awe ndani ya koperative, afanye kazi kwenye eneo lililotengwa. Sawa. Mwenye kupiga nyundo anaonekana. Mwenye kusomba maji, mwenye kupepeta, mwenye kupika chakula na kasiksi ambayo bila hiyo shimo lingesimama kesho, huyo haonekani kwenye karti yoyote. Anaonekana na mtu mmoja tu: mwenye kudai taksi. Mama alinionyesha vipande vya karatasi alivyopewa, vingine bila muhuri, vingine bila hata jina la ofisi. Muuza pombe hana sendika, kwa hiyo kila mwenye kofia anaweza kusimama mlangoni pake na kunywa bila kulipa. Hayo nayo aliandika kwenye kaye, mstari mmoja tu kila mara: "kofia, chupa 2".

Nilisema nitarudi kwa Km 5. Nirudi, sababu kuna hatari ingine, na hii haitoki kwa PDG.

Sisi watu wa Kivu tunaringa na ndizi yetu ya pombe. Kumbe moja ya zile bora jina lake limetoka hapa, Tshopo. Yangambi iko chini ya mto, kilomita mia moja hivi kutoka Kisangani. Wabeleji walianzisha INEAC mwaka 1933, na Yangambi ikawa moyo wake. Leo ni INERA. Kutoka kule Yangambi Km 5 ilisambaa, ikapanda milima hadi Kivu, Rwanda na Burundi, ikafika kwenye maabara za dunia. Wataalamu wanaipenda juu haimalizwi na serkosporiozi nyeusi, ule ugonjwa unaokausha majani. Kundi lake wanaliita Ibota, na mwenye kusikia Lingala atatabasamu, maana inazaa machipukizi mengi kweli. Matunda ni mafupi, matamu sana, ganda jembamba linapasuka upesi, kwa hiyo haisafiri vizuri. Lakini kwa pombe, nani anahitaji isafiri? Panda karibu na shimo lako la kuivishia, basi. Mimi nilikula ile ndizi utoto wangu wote bila kujua kwamba siku moja nitakuja kuishi kwenye mto wake.

Hatari ni magonjwa mawili. La kwanza ni mnyauko wa bakteria, ambao ulionekana Uganda mwaka 2001 na upande wa Masisi wakati ule ule. Majani yanageuka njano na kunyauka, ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukikata ndani kuna kutu, na kwenye shina unatoka usaha wa njano. Kayinja, ndizi ya pombe, inashikwa upesi sana, sababu wadudu wanaubeba kutoka ua la kiume la mgomba hadi lingine. Kule kwetu nimeona mashamba mazima yamelala, na mama za rika la mama yangu wakinunua ndizi za kasiksi sokoni, jambo ambalo zamani lingekuwa aibu. La pili ni lile la kichwa cha ufagio, bunchy top. Hili ni la huku kwetu: lilionekana Yangambi tangu miaka ya 1950, na leo liko kwenye mashamba mengi ya kuzunguka Kisangani. Majani yanasimama wima juu, membamba, yamebanana, na mgomba hautoi mkungu tena. Linaenda na vidudu vidogo vyeusi, lakini mchukuzi mkubwa ni sisi wenyewe, tunapokata chipukizi kwa jirani na kulifunga nyuma ya kinga bila kuangalia mama yake.

Kazi ya kuzuia si ngumu kwa maneno. Vunja ua la kiume kwa kijiti chenye panda, usilikate kwa panga. Panga ikigusa mgomba mgonjwa, ipitishe kwenye moto mbele ya kugusa mwingine. Usichukue chipukizi kwenye shamba lenye mgomba hata mmoja uliosimama kama ufagio. Huo ung'olewe na mizizi yake yote. Wapika pombe wanaokwenda shamba kwa shamba na visu vyao, hii inawahusu wao mbele ya wote.

Tulirudi chini ya bashi siku ya pili. Safari hii nilimwita mama kwa kiti cha mbele, na kijana aliyesema juu ya wauza pombe alitafuta mtu wa kujificha nyuma yake. Nikasoma hesabu ya chupa 27. Nikauliza wenye mashimo: mkilipa kwa juma, hata nusu, mama huyu anauza kasiksi, mkilipa kwa mwezi, anauza lotoko, ninyi mnataka vijana wenu washuke na ipi? Mmoja akajibu kwamba dhahabu haitoki kwa juma. Ni kweli, haitoki. Wawili wakakubali kutoa posho ya Jumamosi, ikatwe kwenye mazao. Wa ine akasema atafikiri, na anafikiri mpaka leo. Jambo lingine lilipita bila kelele: siku ya kugawa mazao, kaye ya mama inafunguliwa mezani pamoja na kaye ya PDG, na deni la chakula na kasiksi linalipwa mbele mtu hajaondoka. Deni la lotoko halisomwi pale. Mama alilia kidogo juu ya hilo, maana lotoko yake ilikuwa imeshagawiwa. Tulibishana sana, na sijui kama nilikuwa na haki.

Kuna waliosema sendika imegeuka wakala wa pombe. Mchungaji mmoja alinipigia simu. Nilimwambia aje tuhesabu pamoja.

Juma lililopita mama alinitumia salamu na dereva wa pikipiki, pamoja na chupa moja ya mutobe iliyokuwa imeshaanza kuchachuka njiani. Lile pipa jeusi bado liko nyuma ya nyumba, lakini sasa linawekwa maji yaliyochemshwa. Machipukizi matatu ya Km 5 yameshika nyuma ya kambi. Dereva niliuliza: majani yake yako namna gani, yamesimama ao yanaanguka? Akanionyesha kwa mkono: yanaanguka.